Kifo katika chumba cha mvinyo wa asali: uchambuzi wa kisa cha Sikonge

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha kutunga. Watu wake hawana majina, nao wanatajwa kwa kazi au kwa udugu wao. Asali ya Tabora, tabia ya gesi na vifungu vya sheria ni vya kweli. Nimekichagua kwa kuwa ni mfano mzuri wa kifo ambacho maiti yenyewe haikusema lolote, na karibu kila kilichojulikana kilitoka ukutani, ndani ya friza na juu ya mizani.

Zabibu za mvinyo wa Tanzania zinalimwa Dodoma. Mkoa wa Tabora una miombo, na miombo ina nyuki. Kwa hiyo mtu wa huku anayetaka kutengeneza mvinyo huanzia kwenye asali. Kiwanda cha kisa hiki kilikuwa kidogo, pembezoni mwa mji wa Sikonge, kusini ya Tabora mjini, na mwenyewe alikuwa mzee aliyerina asali tangu ujana wake kabla ya kujenga vyumba vinne na kununua matangi. Alichotengeneza kilikuwa ndugu wa wanzuki unaonywewa vilabuni, ila wake ulichujwa, ukakaa miezi kadhaa, ukatiwa kwenye chupa zenye lebo.

Chumba cha kuchachulia ndicho kiini cha kisa, hivyo msomaji akielewe vizuri. Kilikuwa na urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.7, yaani mita za ujazo 54. Sakafu yake ilichimbwa chini ya usawa wa ua ili mvinyo upate ubaridi wakati wa joto la Septemba na Oktoba, na mtu aliingia kwa kushuka ngazi tatu. Kulikuwa na matundu mawili ya hewa, kila moja la ukubwa wa kiganja, usawa wa sakafu, yaliyotokea nje kwenye mtaro nyuma ya stoo. Juu, karibu na dari, kulikuwa na feni ya kutoa hewa. Ndani yalisimama matangi mawili ya plastiki ya lita 1,000 kila moja, na gesi ya uchachukaji ilitoka kwenye vifuniko vyake na kuingia chumbani, badala ya kupelekwa nje kwa mpira kama ilivyopasa. Hilo lilikuwa kosa la ujenzi, nalo lilikuwepo miaka yote bila kumdhuru mtu, kwa sababu matundu na feni vilifanya kazi yao.

Mkasa ulitokea mwezi wa Juni, baada ya mavuno ya asali. Siku ya Jumanne mpwa wa mzee, ambaye ndiye aliyekuwa fundi wa mvinyo, alichanganya kilo 250 za asali katika kila tangi, akajaza maji na kutia hamira. Ijumaa usiku uchachukaji ulikuwa umepamba moto. Jumamosi saa 11 alfajiri mpishi alimwona mzee akivuka ua, akamwamkia kwa Kinyamwezi, “Mwangaluka, baba,” naye akaitikia kama kawaida. Alikuwa akienda kufanya alichokifanya kila alfajiri na kila mtu alikijua: kushuka ngazi, kutega sikio kwenye tangi asikilize mvinyo unavyochemka, kisha kupiga magoti mbele ya koki ya chini na kukinga bilauri aonje. Nusu saa baadaye chai ilikuwa imepoa na mzee hajarudi. Alikutwa amelala kifudifudi mbele ya koki, bilauri kando yake, nusu ya mvinyo ikiwa imemwagika.

Mpwa alikimbilia ndani akimwita, “Mjomba! Mjomba!” Alifika kwenye mwili, akainama kuunyanyua, magoti yakamlegea, akatoka akitambaa ngazini. Alieleza baadaye kwamba pua ilimwasha kama mtu aliyevuta povu la soda, na kichwa kilimgonga hadi adhuhuri. Karani wa kiwanda, ambaye ndiye aliyetunza vitabu na stoo, alikuwa wa tatu kufika. Alisimama juu ya ngazi, hakushuka, akapaza sauti: “Usiiname, kijana, usiiname!”

Kufikia saa 3 asubuhi mji ulikuwa na majibu matatu. La kwanza lilikuwa sumu, kwa sababu ya bilauri. La pili lilikuwa jirani mkulima wa tumbaku, ambaye alikuwa na mgogoro wa mpaka na marehemu, na usiku wa Ijumaa alionekana akitoka getini saa 3 amekasirika. La tatu lilikuwa mkono wa mtu, yaani uchawi. Ndugu walitaka kuzika baada ya adhuhuri, jambo ambalo ni la kawaida kabisa, na kama wangeachiwa kisa kingeishia hapo. Polisi walizuia maziko hadi daktari auchunguze mwili, maana kifo cha ghafla kisicho na sababu inayojulikana huangukia kwenye Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, hata pale familia inapokuwa imeridhika.

Nianze na sumu, kwa kuwa ndiyo rahisi kuiondoa. Dawa nyingi za kuulia wadudu wa mashambani huacha alama: mate na povu jingi, mboni za macho zilizosinyaa, jasho, mara nyingi kutapika na harufu kali. Mwili haukuwa na hata moja. Pombe yenye methanoli, ambayo hupofusha na kuua wanywaji wa gongo mbovu, kwa kawaida huchukua saa nyingi, mara nyingi kati ya 12 na 24, kabla ya madhara makubwa kuonekana. Mtu aliyeitikia salamu saa 11 hawezi kufa nayo saa 11 na nusu kwa funda moja la alfajiri ileile. Tena asali haina ule utomvu wa maganda ya matunda unaozaa methanoli wakati wa kuchachuka. Majibu ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali yalipokuja hayakuonyesha sumu, ila kiasi kidogo cha pombe.

Daktari aliandika kwamba kulikuwa na dalili za kukosa hewa, bila alama za kukabwa. Hapa ndipo wachunguzi wengi wangekwama. Hewa ya ukaa (kaboni dioksidi), ambayo ndiyo gesi ya uchachukaji, haiachi saini mwilini. Kupima damu ya maiti hakusaidii, kwa sababu mwili wenyewe huendelea kuijaza damu gesi hiyohiyo baada ya kufa. Kwa hiyo anayesubiri ripoti ya hospitali imtajie hewa ya ukaa atasubiri sana. Chumba ndicho kilichopaswa kufanyiwa uchunguzi wa maiti.

Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, hivyo hukaa chini kama maji. Watu wa Goma, kando ya Ziwa Kivu, wameipa hata jina: mazuku, hewa mbaya inayolala mabondeni na kuua mbuzi na watoto huku mtu mzima aliyesimama akipita salama. Nchini Kameruni, mwezi Agosti 1986, Ziwa Nyos liliitapika kwa usiku mmoja na watu wapatao 1,700 wakafa. Katika hewa ya kawaida ni kama asilimia 0.04 tu. Ikifika asilimia 5 mtu anahema na kichwa kinauma. Ikifika 10 anaweza kupoteza fahamu ndani ya dakika chache, na ikizidi hapo sana ni pumzi chache tu.

Je, matangi mawili yangeweza kuizalisha kwa kiasi hicho? Hesabu ndiyo hii. Asali ni sukari kwa takriban asilimia 80, hivyo kilo 250 zina kilo 200 za sukari. Hamira huigawa sukari karibu nusu kwa nusu kati ya pombe na gesi. Kilo 200 hutoa karibu kilo 98 za gesi, ambazo kwa joto la kawaida ni takriban mita za ujazo 54. Msomaji makini ameona kwamba hicho ndicho kipimo cha chumba chenyewe: tangi moja, tangu kuanza hadi kuisha, linatosha kukijaza chote. Katika siku za kilele tangi hutoa kama sehemu moja ya nane kwa siku, yaani mita za ujazo 7 hivi, na mawili 14. Matundu yakizibwa na feni ikizimwa saa 2 usiku, kufikia saa 11 alfajiri zimeingia mita za ujazo zipatazo 5, karibu asilimia 10 ya chumba chote kama zingechanganyika sawasawa. Nazo hazichanganyiki sawasawa. Chini ya ngazi tatu, usawa wa koki, kiwango kilikuwa kikubwa zaidi, na hapo ndipo mzee alipopiga magoti.

Vitu viwili vilithibitisha hesabu hiyo. Panya wawili walikutwa wamekufa nyuma ya tangi bila jeraha. Na mpwa, alipopata nguvu, alifunga kibatari kwenye kamba na kukiteremsha ngazini; kilizimika kabla ya kugusa sakafu, ingawa mlango ulikuwa wazi kwa saa nzima. (Niseme hapa, kwa kuwa wapo wanaokitegemea kibatari visimani: kikizimika ni ushahidi kwamba hewa ni mbaya, lakini kikiwaka si ushahidi kwamba ni nzuri, kwa maana mtu huzimia kabla ya utambi.)

Basi kifo kilikuwa cha gesi. Swali la pili ni kama kilikuwa cha bahati mbaya, na jibu lilikuwa mtaroni. Matundu yote mawili yalikuwa yamezibwa kwa nje. Vipande vya gunia vilichovywa katika nta iliyoyeyushwa, vikashindiliwa, na nta ikapakwa juu hadi ikachirizika ukutani. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na katika baridi ya usiku wa Juni Tabora huwa ngumu kiasi cha kutoweza kubonyezwa kwa dole gumba. Aliyeziba aliibandika motoni kwanza.

Aliwasha lini jiko lake? Kuku walijibu. Kila siku kuku wa mpishi huoga vumbi katika mtaro ule, na midomo ya matundu haikosi vumbi na manyoya. Nta ilikuwa safi, haina hata unyoya. Kuku huingia bandani magharibi, na asubuhi ile walikuwa bado wamefungiwa, kwa kuwa anayewafungulia ni mpishi na mpishi hakukumbuka kuku. Matundu yalizibwa kati ya magharibi ya Ijumaa na alfajiri ya Jumamosi, na hesabu ya gesi inavuta muda huo kuelekea mwanzo wa usiku.

Gunia lilinuka tumbaku, na mji ukashangilia kwamba jirani amepatikana. Mimi silipi uzito gunia hilo. Magunia yaliyotumika kufungashia tumbaku yako kila nyumba Sikonge na Urambo. Katika stoo ya kiwanda hichohicho kulikuwa na furushi lake la kufunikia ndoo za asali. Jirani alikuwa na ugomvi na sababu ya kuwa na hasira, lakini hakujua siku ambayo hamira ilitiwa, wala hakuwa na nta. Na nta ndiyo iliyosema zaidi kuliko gunia. Ilikuwa ya manjano, iliyochujwa, isiyo na vipande vyeusi vya masega makuukuu. Nta ya aina hiyo ilikaa stoo chini ya kufuli, na funguo zilikuwa mbili. Mmoja ulikutwa katika mfuko wa koti la marehemu. Wa pili alikuwa nao karani.

Mpwa naye hakuachwa. Alijua mvinyo kuliko wote, na angerithi kazi. Lakini Ijumaa alikuwa Tabora mjini kufuata chupa, akarudi saa 5 usiku. Hesabu haimtoi moja kwa moja, maana saa sita za gesi katika chumba kilichozama zinaweza kuua pia. Inapunguza tu uwezekano. Kinachomtoa, kwa maoni yangu, ni kule kukimbilia ndani na kuinama. Mtu anayejua alichokitega hakiingii kwa kichwa.

Hapo mtu ataniuliza kuhusu neno la karani, “usiiname”. Ni neno linalopendwa na wasimuliaji, na ndilo lililozunguka mji mzima baadaye. Mahakamani lina thamani ndogo. Mpwa alikuwa amewaonya wafanyakazi wote, mara nyingi, kwamba hewa ya chumba kile hukaa chini. Karani angeweza kusema tu kwamba alikumbuka onyo. Lililomfunga karani ni jingine, na lilitoka jikoni.

Karani aliandikisha maelezo kwamba umeme ulikatika saa 4 usiku na kurudi karibu na alfajiri, na kwamba ndiyo sababu feni ilisimama. Mlinzi alisema taa ya getini haikuzimika, lakini mlinzi huyo alisema pia hakulala, na walinzi wote husema hivyo. Mpishi hakuulizwa chochote hadi siku ya tatu. Alipoulizwa alisema kwamba Ijumaa saa 3 usiku alifunga vifuko 60 vya juisi ya ubuyu, akavipanga kwenye friza vikiwa vya maji matupu, ili Jumamosi avipeleke gulioni. Saa 11 alfajiri, mara tu baada ya kumwamkia mzee, alivitoa, navyo vilikuwa vigumu kama mawe. Friza na feni vinatumia mita moja ya umeme, LUKU moja. Kama umeme ungekatika saa 4, vifuko vile vingekuwa na saa moja tu ya baridi, na mpishi angepeleka gulioni ubuyu wa maji. Umeme ulikuwepo usiku kucha. Feni ilizimwa kwa swichi, na aliyesema vinginevyo alikuwa na haja ya kusema hivyo.

Sababu ya karani ilikuwa imeandikwa ukutani siku nzima na hakuna aliyeisoma. Katika stoo, juu ya mizani, marehemu alikuwa ameandika kwa penseli: 28, 26, 26. Wapo waliodhani ni tarehe za kesi ya mpaka, na kijana mmoja aliyaona ni ya bahati nasibu. Mrina asali yeyote angeelewa. Ndoo ya lita 20 ikijazwa asali safi ina uzito wa kilo 28 hivi, kwa kuwa asali ni nzito kuliko maji karibu mara moja na nusu kasoro kidogo. Sukari iliyopikwa ikawa nzito kama uji wa asali haifiki hapo. Ndoo yake huwa na kilo 26 na ushei. Ijumaa alasiri mzee alipima ndoo tatu na mbili hazikuwa asali. Wakati wa chakula cha usiku alitamka mezani, mbele ya wote, kwamba Jumamosi atapima zilizobaki.

Imebaki sheria, na hapa kisa kinakuwa kigumu kuliko mji ulivyodhani. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatenganisha kuua bila kukusudia, kifungu cha 195, na kuua kwa kukusudia, kifungu cha 196. Daraja kati yake ni nia ovu inayofafanuliwa katika kifungu cha 200, na tofauti ya adhabu ni kifo kwa la pili. Wakili mzuri wa karani asingekana kuziba. Angesema hivi: usiku wa Juni ni wa baridi, hamira hulala ikipoa, mteja wangu aliziba matundu na kuzima feni ili mvinyo usidorore, akasahau kumwambia mzee. Utetezi huo si wa kupuuza. Mafundi wa mvinyo hulinda joto la matangi kwa njia za ajabu kuliko hiyo, na mtu aliyefanya hivyo kwa uzembe anaangukia kifungu cha 195.

Kinachouvunja ni nta. Anayetaka kuzuia baridi usiku mmoja hushindilia gunia kavu, ambalo asubuhi hutolewa kwa kuvuta. Hachukui nta ya stoo, hawashi jiko gizani, hapaki hadi tundu lisipitishe hata pumzi. Mtu wa namna hiyo, tena, hutia gunia kwa ndani, kwenye joto analolilinda, wala hazunguki nyuma mtaroni. Na akishaona msiba, jambo la kwanza analolisema kwa kilio ni kwamba aliziba. Hatungi hadithi ya umeme kukatika. Ushahidi wa mazingira, kama mahakama zetu zinavyoutaka, lazima uelekee kwa mshtakiwa bila kuacha maelezo mengine yanayoingia akilini. Kila kipande hapa kina maelezo yake mengine kikisimama peke yake: ufunguo huibwa, gunia hupatikana popote, onyo hukumbukwa. Vikiwekwa pamoja na ule uongo wa saa 4, sioni maelezo mengine. Ningemshtaki kwa kifungu cha 196, huku nikijua kwamba kesi yote inaning’inia kwenye vifuko vya ubuyu vilivyouzwa gulioni na kuliwa kabla mpelelezi hajavihesabu, na kwamba jaji atalazimika kumwamini mpishi kwa neno lake.

Siku ya nne polisi walipima ndoo kumi na saba zilizobaki mbele ya mpwa na mjane. Nne zilikuwa na kilo 28. Nyingine zote zilisimama kwenye 26, na katika kitabu cha karani zote kumi na saba zilikuwa zimeandikwa, kwa mwandiko mzuri, asali ya daraja la kwanza.